Wazee wa Maslaha Nao Wasome Usuli

Huko Hulugho, kama ilivyo Sangailu, Masalani na sehemu kubwa ya Kaunti ya Garissa, ugomvi mwingi hauendi mahakamani. Huletwa mbele ya wazee, na kikao chao kinaitwa maslaha. Wafugaji waliogombania kisima, vijana waliopigana malishoni, mume na mke waliokosana, hata jamaa mbili ambazo damu imemwagika kati yao, wote huketishwa, husikizwa, hupatanishwa. Hiyo ni kazi kubwa, na mtu asiyejua mazingira ya huko asiidharau. Hulugho iko mpakani na Somalia, jirani na msitu wa Boni. Mvua ikinyesha kwa nguvu barabara huwa tope, na ofisi ya serikali inayoweza kutoa uamuzi wa maana iko mbali. Bila wazee, ngamia mmoja aliyeibwa angeweza kuzaa vita vya koo mbili. Lakini katika eneo zima la Kaskazini Mashariki, vikao vya namna hiyohiyo vimekuwa vikimaliza kesi za ubakaji kwa kuhesabiana mifugo, na vinapofanya hivyo vinasema vinafuata dini. Nashikilia kwamba havifuati. Kinachokosekana hapo ni elimu ya usulul-fiqhi, yaani misingi ambayo hukumu za Kiislamu hutolewa kwayo, pamoja na kanuni zake kuu. Wazee wa maslaha, maalimu wa duksi (chuo cha Qur'ani) na maimamu wa misikiti wakiisoma elimu hiyo watakuta kwamba vitabu vya madhehebu yao wenyewe ya Shafi vimeyakataa mapatano hayo karne nyingi kabla ya Kenya kuwa na katiba.

Tuanze na namna elimu inavyopatikana huko. Mtoto huanza duksi, akaandika aya kwenye ubao, akahifadhi Qur'ani. Anayeendelea husomeshwa vitabu vya fiqhi ya Imamu Shafi: Safina, kisha Matni ya Abu Shujaa, na wachache hufika kwenye Minhaju ya Imamu Nawawi. Humo hujifunza hukumu moja moja: udhu unavunjwa na nini, zaka ya ngamia watano ni ipi, eda ni ya muda gani. Elimu hiyo ni nzuri na ya lazima. Upungufu wake ni kwamba inampa mwanafunzi mamia ya majibu bila kumwonyesha majibu yametoka wapi. Kazi hiyo ni ya usuli: dalili ni zipi na ipi inatangulia, agizo la jumla linabanwaje na agizo mahususi, qiyasi, yaani kulinganisha jambo na jingine, inahitaji illa (sababu ya hukumu) ya namna gani, ijmaa, yaani makubaliano ya wanazuoni, ni nini, nani ana haki ya kutoa hukumu mpya na nani hana. Juu yake zipo kanuni za fiqhi, ambazo Imamu Suyuti, aliyefariki 1505, alizifungulia kitabu chake cha Al-Ashbah wan-Nadhair: mambo hutegemea makusudio yake, yakini haiondolewi na shaka, uzito huleta wepesi, madhara huondolewa, na desturi huhukumu. Sehemu nyingi elimu hii huachiwa wale watakaosafiri kusoma zaidi. Mzee anayeketi kuamua hatima ya binti wa mtu huenda hajawahi kuisikia, na anapofika mahali ambapo kitabu alichokisoma hakina jibu, pengo hilo hulijaza kwa desturi ya ukoo. Baada ya miaka michache, desturi hiyo inaitwa sharia.

Sasa tuitazame maslaha kama wanavyoijua wanazuoni. Ni miongoni mwa milango iliyolindwa kwa ukali kuliko yote katika usuli, na walioilinda kwa ukali zaidi ni Mashafi wenyewe. Imamu Shafi, aliyezaliwa Gaza mwaka 767 na kufariki Misri mwaka 820, aliandika Risala kwa sababu aliwaona watu wakihukumu kwa rai na kwa kile walichoona kinapendeza. Alipinga istihsani waziwazi: mtu asiseme jambo ni halali au haramu kwa kuwa ameona ni vyema, ila aonyeshe nasi, yaani andiko la Qur'ani au hadithi, au qiyasi juu ya nasi. Karne tatu baadaye Imamu Ghazali, katika Al-Mustasfa, alieleza maslaha ni nini. Maslaha, kwake, ni kulinda makusudio ya sharia kwa viumbe, nayo ni matano: dini, nafsi, akili, kizazi na mali. Chochote kinachoyalinda hayo ni maslaha, na chochote kinachoyapoteza ni ufisadi ambao kuuondoa ndiko maslaha. Pima basi kesi ya ubakaji kwa mizani hiyo. Aliyedhulumiwa ameguswa nafsi yake na heshima ya kizazi chake, makusudio mawili kati ya matano. Mapatano yanayomwacha aliyemdhulumu aendelee kutembea kijijini, naye akanyamazishwa kwa ng'ombe waliopokewa na baba zake wadogo, hayajalinda hata kusudio moja. Kwa maelezo ya Ghazali, kikao hicho kimeusimamisha ufisadi na kuupa jina la maslaha.

Wapo watakaosema kwamba suluhu ni jambo lililosifiwa katika dini. Ni kweli, na Qur'ani imeisifu. Lakini hadithi inayoruhusu suluhu baina ya Waislamu, iliyopokewa na Abu Daud na Tirmidhi, imeiwekea mpaka palepale: isiwe suluhu inayoharamisha halali au kuhalalisha haramu. Na ipo hadithi nyingine ambayo ningependa isomwe kwenye kila kikao cha wazee kabla ya mazungumzo kuanza, kwa kuwa inazungumza lugha ya wafugaji. Wamepokea Bukhari na Muslim kwamba mtu mmoja alimjia Mtume (S.A.W.) akaeleza kuwa mwanawe alikuwa kibarua kwa mtu, akazini na mke wa mwajiri wake. Baba aliambiwa mwanawe anastahili adhabu kali, akamkomboa kwa kondoo mia moja na kijakazi, pande mbili zikaridhiana. Kisha akawauliza watu wenye elimu, akaingiwa na wasiwasi, ndipo akaja kutaka hukumu. Mtume aliamuru kondoo wote na kijakazi warudishwe kwa mwenyewe, na hukumu ikafuata njia yake. Imamu Bukhari aliiweka hadithi hiyo katika Kitabu cha Suluhu, chini ya mlango unaosema kwamba watu wakipatana kwa mapatano ya dhuluma, mapatano hayo hurudishwa. Tuangalie vyema mambo yaliyokuwapo: pande mbili zimekubaliana, mifugo imeshakabidhiwa, na amani imepatikana. Kwa kipimo cha maslaha ya leo kesi hiyo ilikuwa imekwisha. Mtume aliivunja. Hilo lilikuwa kosa la watu wawili waliokubaliana. Linapokuwa kosa la mtu aliyemshurutisha mwenzake kwa nguvu, hoja ya kuvunja mapatano yake inazidi nguvu.

Nataka kuwa mwadilifu kwa wazee, kwa maana si kila maslaha ya damu inapingana na fiqhi. Katika kuua, Qur'ani imewapa warithi wa aliyeuawa haki ya kusamehe na kupokea dia, yaani fidia ya damu, na hata mahakama za Kenya zimelazimika kuitazama haki hiyo. Mwaka 2013 Mahakama Kuu jijini Nairobi ilikubali kuondolewa kwa shtaka la mauaji baada ya familia mbili kumalizana kwa fidia kufuatana na mila na dini yao. Uamuzi huo ulizua mjadala mkubwa miongoni mwa mawakili, na mjadala ulistahili. Lakini hata pale ambapo fiqhi inaruhusu dia, usuli unauliza swali ambalo vikao huliruka: mali hiyo ni ya nani? Katika Risala, alipotaka kuthibitisha kwamba habari ya mtu mmoja mwaminifu yatosha kuwa dalili, Imamu Shafi alitaja kisa cha Khalifa Umar bin Khattab. Umar alikuwa akiona kwamba dia ni ya jamaa wa kiumeni, kwa kuwa hao ndio wanaochangia kuilipa ndugu yao anapoua, na kwa hiyo mjane hana fungu katika dia ya mumewe. Akasimama Dhahhak bin Sufyan akamweleza kwamba Mtume alimwandikia ampe mke wa Ashyam sehemu yake katika dia ya mumewe. Umar, pamoja na ukuu wake, akaiacha rai yake papo hapo. Kitabu cha kwanza cha usuli kinachotufikia kinajenga hoja yake kwa kesi ya dia ya kabila la wafugaji, na hukumu yake ni kwamba mjane, mama na binti wana haki iliyopimwa katika ngamia hao. Ningetamani kujua ni vikao vingapi vinavyoikumbuka wakati mifugo inapogawanywa.

Na katika ubakaji hakuna hata mlango huo wa warithi. Imamu Malik na Imamu Shafi wanasema kwamba mwanaume aliyemshurutisha mwanamke ana adhabu yake, na juu ya adhabu hiyo atamlipa mwanamke mahari ya mithili, yaani kiasi ambacho mwanamke wa hadhi yake angepewa akiolewa. Mahari hayo ni mali ya mwanamke mwenyewe, hayana ubia na ami wala mkuu wa ukoo, na hayafuti adhabu. Pale ambapo suluhu huishia kwa kumwoza binti mtu yuleyule aliyemdhulumu, msomaji wa Minhaju anajua kwamba Nawawi amehesabu uchaji katika mambo ya kufu, yaani kulingana kwa wanandoa: fasiki si kufu wa mwanamke mwema. Walii anayemwoza binti yake kwa mbakaji ili ayaridhishe majirani amekwenda kinyume na kitabu kilekile anachoapa kukifuata. Haya hayakuandikwa na shirika la haki za binadamu kutoka Nairobi wala Geneva. Yaliandikwa Damascus katika karne ya kumi na tatu, na kitabu kimo rafuni mwa misikiti ya Garissa.

Hoja nzito kuliko zote upande wa wazee ni hii: ukimpeleka kijana wa ukoo fulani jela, ukoo wake utajibu, na huenda watu wakauawa kwa sababu ya kesi moja, afadhali mmoja avumilie ili wengi wasalimike. Hoja hii haipaswi kubezwa, kwa kuwa damu ya koo si jambo la kubuni, na pia kwa kuwa inafanana na kanuni halisi ya fiqhi isemayo kwamba madhara ya mtu binafsi huvumiliwa ili kuzuia madhara ya umma. Mtu aliyeishika kanuni kwa masikio tu atadhani wazee wameshinda. Aliyesoma atauliza wanazuoni waliitolea mifano gani. Walitaja tabibu mjinga, kwamba azuiwe kutibu watu ingawa atapoteza riziki. Walitaja ukuta ulioinamia njia ya watu, kwamba mwenyewe alazimishwe kuubomoa ingawa atapata hasara. Walitaja mfanyabiashara anayeficha chakula wakati wa njaa. Katika mifano yote hiyo, anayebebeshwa madhara ni yule ambaye hatari inatoka kwake. Hakuna mahali walipochukua mzigo wa mkosaji wakamtwika aliyekosewa. Kuitumia kanuni hiyo dhidi ya binti aliyebakwa ni kuigeuza uso nyuma.

Ghazali alikwenda mbali zaidi, na hapa ndipo ninapoona thamani ya kuisoma elimu hii kutoka chanzo chake. Alikubali kwamba ipo hali moja ambapo mtu asiye na hatia anaweza kuhatarishwa kwa ajili ya wengine: adui aliyejikinga kwa mateka Waislamu, ikiwa kumwacha kutaleta maangamizi ya Waislamu wote pamoja na mateka haohao. Akaiwekea masharti matatu. Iwe ni dharura ya uhai, iwe na yakini na isiwe dhana, na iwe ni ya umma mzima na isiwe ya kundi. Kisha akatoa mfano wa kinachokataliwa: watu wamo chomboni baharini, chombo kinazama, na wakimtupa mmoja wao waliobaki watasalimika. Akasema haifai, kwa sababu kuokoka kwa watu wa chombo kimoja si maslaha ya umma wote. Basi tupime. Je, hofu ya kisasi cha ukoo ina yakini, au ni dhana inayotiwa nguvu na wenye kijana wao? Je, ukoo mmoja au miwili ni umma mzima? Watu wa chomboni walikuwa na uhakika wa kuzama, na bado Ghazali hakuwaruhusu kumtupa mwenzao. Wazee wetu humtupa binti kabla chombo hakijaingia maji.

Yupo pia atakayeleta hoja ya umbali. Mahakama iko mbali, nauli ni ghali, mashahidi wanachoka, kesi inaahirishwa mara kwa mara, na mwishowe mshtakiwa anarudi nyumbani akiwa huru na mwenye hasira. Malalamiko hayo ni ya kweli na serikali ndiyo inayopaswa kuyajibu, kwa mahakama za kuzungukazunguka, kwa polisi wanawake, kwa daktari anayejaza fomu kwa wakati. Lakini dharura nayo ina kanuni yake: hukadiriwa kwa kiasi chake. Umbali unaweza kumruhusu mzee kuzizuia koo mbili zisichukue silaha, kumlinda binti asinyanyaswe, kumshika mtuhumiwa asivuke mpaka, kuhifadhi ushahidi mpaka polisi wafike. Haumruhusu kuifunga kesi. Sheria ya Kenya imesema vivyo hivyo kwa njia yake: Katiba ya 2010, ibara ya 159, inazipa nafasi njia za jadi za kusuluhisha ugomvi mradi zisivunje haki za watu, na Sheria ya Makosa ya Ngono ya 2006, kifungu cha 40, haikuwaachia polisi wala familia uamuzi wa kusimamisha kesi ya ubakaji. Wala asijitetee mtu kwa jina la Kadhi. Ibara ya 170 imempa Kadhi ndoa, talaka, mirathi na hadhi ya mtu. Makosa ya jinai hayamo. Mzee anayemaliza kesi ya ubakaji anafanya kazi ambayo hata Kadhi mwenyewe hana mamlaka nayo.

Kuna masheikh wanaohofu kwamba usuli ukisambazwa, kila mwenye simu atajifanya mujtahidi, yaani mwenye haki ya kutoa hukumu mpya. Naielewa hofu hiyo, lakini naona imeelekezwa pasipostahili. Wale wanaojitangazia hukumu leo hawakuharibiwa na kusoma usuli. Wengi wao wamekosa kuusoma. Anayechukua aya moja ya vita, akaitenga na aya zinazoibana, akapuuza sababu ya kushuka kwake, akaruka ijmaa juu ya uharamu wa damu isiyo na hatia, huyo amefanya makosa ambayo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa usuli hufundishwa kuyaepuka. Garissa inalijua hilo kwa uchungu: tarehe 2 Aprili 2015 watu 148, wengi wao wanafunzi, waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa na watu waliodai kupigania dini. Imamu Juwaini, mwalimu wa Ghazali aliyefariki mwaka 1085, aliandika Al-Waraqat, kitabu chembamba mno, akikusudia mwanafunzi anayeanza. Humo mna mlango wa nani anayefaa kutoa fatwa na nani anapaswa kuuliza. Mtu akiisoma milango hiyo kwa ukweli hutoka akijua jinsi kazi ilivyo nzito, na ulimi wake hupunguza haraka.

Na wapo watakaoona kwamba haya yote ni njia ya kuing'oa desturi ya Wasomali kwa koleo la dini. Hapana. Kanuni ya tano, kwamba desturi huhukumu, imeipa desturi heshima ambayo sheria nyingi za dunia haziipi. Kisima kichimbwe umbali gani na kingine, nani anyweshe kwanza, mgeni aliyekimbia ukame aruhusiwe malisho kwa muda gani, mahari yalipwe sasa au baadaye, hayo yote fiqhi huyarudishia desturi ya wenyeji, na mzee wa Hulugho anayajua kuliko profesa yeyote. Sharti ni kwamba desturi isigongane na nasi. Mtu asiyejua kanuni na sharti lake huiangusha desturi yote pamoja au huibeba yote pamoja, na pande zote mbili zimekosea. Katika pwani yetu, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya tangu 1937 hadi kufariki kwake 1947, alitumia gazeti lake la Al-Islah kuwakemea Waislamu wa Mombasa kwa mila walizozivalisha kanzu ya dini, na alifanya hivyo akiwa mtoto wa mila hiyohiyo.

Tena madhara ya kuhukumu kwa matawi bila mizizi hayakuanza na wazee. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Baraza la Faragha la Uingereza liliamua kesi ya wakfu kutoka Kenya, likauhesabu wakfu wa familia kuwa batili, kwa kufuata uamuzi wake wenyewe wa 1894 kuhusu India. Wanazuoni wa Kishafi walikuwa wakiukubali wakfu wa namna hiyo, na India yenyewe ilikuwa imeshaurekebisha uamuzi huo kwa sheria ya 1913. Majaji hao waliheshimika na walikuwa na vitabu vya fiqhi vilivyotafsiriwa. Walichokosa ni kujua wakfu ulikusudiwa nini katika sharia, kwamba kumlisha mtoto na jamaa ni sadaka iliyo bora, kwa hiyo wakaupima kwa kipimo cha hisani cha Kiingereza. Waislamu wa pwani walilalamika, na walikuwa na haki. Tukimlaumu jaji wa London kwa hukumu isiyo na msingi, hatuwezi kumsamehe mzee wa kwetu kwa kosa la aina hiyohiyo, hasa anapokosea kwa jina la dini yetu na kwa binti yetu.

Kinachotakiwa hakihitaji fedha nyingi. Al-Waraqat inaweza kusomeshwa msikitini kwa msimu mmoja, kati ya Magharibi na Isha, kwa Kisomali, bila kumlazimisha mzee aijue nahau ya Kiarabu. Kanuni tano na zile zinazozifuata ni sentensi fupi fupi, na jamii inayohifadhi nasaba za vizazi vingi kwa kichwa haitashindwa na sentensi. Kila kanuni ifundishwe pamoja na kesi za huko: ukame ulioangamiza mifugo kati ya 2020 na 2023 na madeni yaliyobaki, mali ya yatima iliyochanganywa na ya ami, mjane aliyenyimwa dia, binti aliyebakwa. Kanuni moja wazee waanze nayo, kwamba maamuzi ya kiongozi juu ya raia hufungwa na maslaha ya raia hao. Suyuti ameinasibisha na kauli ya Imamu Shafi kwamba kiongozi kwa watu wake ni kama msimamizi kwa mali ya yatima. Msimamizi hana ruhusa ya kutoa haki ya yatima ili apendwe na jirani. Shule za upili zinazofundisha Elimu ya Dini ya Kiislamu nazo zisiishie kumkaririsha mwanafunzi majina ya vyanzo vinne vya sharia. Apewe kesi ya Hulugho aifanyie kazi, aonyeshe nasi iko wapi na illa ni ipi.

Wanawake nao wakae darasani tangu siku ya kwanza, na baadaye waketi kwenye vikao. Badruddin Zarkashi, aliyefariki mwaka 1392, ni miongoni mwa wakubwa wa usuli katika madhehebu ya Shafi, na Al-Bahrul-Muhit yake ni bahari kweli. Mtu huyohuyo aliandika kitabu kizima kukusanya mambo ambayo Bibi Aisha (R.A.) aliwasahihisha Masahaba, wakiwemo Umar na Abu Huraira, akirejea Qur'ani, akirejea alichokiona nyumbani kwa Mtume, akionyesha mpokezi alisikia nusu ya maneno. Zarkashi aliona kazi hiyo ni sehemu ya elimu. Katika kikao ambacho kesi ni ya mwanamke, mashahidi wake ni wanawake, na wanaojua alivyoumia ni mama na dada zake, hukumu inayotolewa bila mmoja wao kusikizwa imekosa ushahidi kabla haijakosa uadilifu. Hulugho ina mabinti waliohifadhi Qur'ani na kumaliza kidato cha nne. Wakifundishwa usuli pamoja na baba zao, mzee atakayesema kwamba dini imeruhusu ng'ombe kumi kwa kosa hili ataulizwa, kwa adabu na kwa sauti ya kusikika, nasi yake ni ipi.